Faili Lililopotea na Ushauri wa Shemeji

Yamkini hakuna chombo cha nyumbani kisemacho maradhi yake kwa uwazi kuliko kompyuta kuukuu, wala hakuna mgonjwa ambaye maneno yake hupuuzwa zaidi na wanaomuuguza. Yetu hapa Bariadi hutumia Windows XP, iliyotoka mwaka 2001 na kuachwa na watengenezaji wake bila ya msaada tarehe 8 Aprili 2014, na tangu siku hiyo huishi kwa rehema za Mola. Asubuhi moja, baada ya usiku ambao umeme ulikuwa ukienda na kurudi, ilikataa katakata kuamka. Ikaandika kwa herufi nyeupe juu ya kiza kwamba faili la NTLDR halipo, kisha ikanyamaza, kama karani aliyekwisha kutoa jibu na hataki kuulizwa mara ya pili.

Faili hilo halifiki hata kilobaiti 300, walakini kazi yake ni kuishika mkono mashine inapowashwa na kuifikisha ilipo Windows. Likikosekana, yote yaliyobaki kwenye diski, ingawa ni mazima, hayana wa kuyaamsha.

Matabibu wakajaa sebuleni. Mmoja alisema ni virusi, mwingine akaifungua ubavu na kupuliza vumbi la kiangazi, ambalo lilimrudia lote usoni, na fundi wa karibu na stendi, bila ya kuitazama, akatoa dawa itolewayo kwa kila kompyuta nchini: “Piga windo tu, mzee.”

Aliyeunga mkono rai hiyo kwa bidii ya kustaajabisha ni shemeji yangu, ambaye hata redio hajui kuitafutia stesheni. “Shemeji, piga windo,” alinisihi. “Futa kila kitu, uanze upya, moyo utulie.”

Ilhali kila kitu hicho ndicho hasa kilichonitia hofu, maana huku Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, mwenye kukopesha wenzake mbegu na dawa ya wadudu huandika, na daftari langu lote la madeni ya msimu lilikuwa ndani ya diski ile.

Basi nikaitafuta CD ya Windows, nikaipata chini ya rundo la risiti, nikaiwasha mashine kwa hiyo na kubonyeza herufi R, iingizayo mtu katika chumba cha matengenezo. Hapo nikaulizwa nywila ya msimamizi mkuu, mtu ambaye nyumbani kwetu hajawahi kuteuliwa. Nikabonyeza Enter bila ya kuandika neno, nikaruhusiwa kupita. Nikaamuru faili la NTLDR, pamoja na mwenzake NTDETECT.COM, yanakiliwe kutoka folda ya i386 iliyo kwenye CD hadi kwenye mzizi wa diski C, nikaitoa CD, nikawasha upya.

Windows ikaja, polepole na kwa taadhima, na daftari likafunguka mbele ya hadhara nzima, jina la shemeji likiwa juu kabisa, deni lake kubwa kuliko ya wote.

Shemeji akalitazama kitambo, akakohoa. “Mashine hizi za zamani, shemeji, mimi siziamini,” akasema. “Huenda hata hiyo tarakimu imeharibika.”