Faya Imeisha, Kuruta Nimebaki

Jamani, kama nyumbani kwako bado hawajaijua Station 19, ficha rimoti. Fanya hivyo leo. Mimi hakuna aliyenitonya, ndiyo maana unaniona hapa na kahawa ya kukopa, nasimulia habari za zimamoto wa Seattle, mji ambao ukinipa ramani nitaanza kuutafuta maeneo ya Lindi.

Niliposikia ni tamthilia ya faya nilichangamka. Nikasema hii sasa ni yetu wanaume. Gari jekundu, king'ora, shoka, mlango chini. Wapi! Moto unawaka dakika chache, mapenzi yanawaka epsodi nzima. Kuna dada anaitwa Andy Herrera. Aliolewa na bosi wake, Sullivan. Wakaachana. Sullivan akahamia kwa Ross, ambaye ni mkuu wa faya wa mji mzima. Na wote hao kazi moja, moto mmoja! Kwetu hapo wajumbe wangeshaitwa na viti vimeshakodiwa. Wao wanavaa kofia wanaondoka.

Halafu hawaitwi kwenye moto tu. Mtu kabanwa na lifti, wanaitwa. Mama kashikwa na uchungu barabarani, wanaitwa. Nikalalamika kwamba huu ni utapeli, tumeahidiwa moto. Binti yangu wa kidato cha pili akanijibu bila kunitazama kwamba Marekani ndivyo ilivyo, zimamoto wanakwenda kwa wagonjwa mara nyingi kuliko kwenye moto. Kajuaje? Mie hata simuulizi tena.

Ila balaa lenyewe ni lugha. Mimi nimekuzwa na muvi za kutafsiriwa. DJ anaingia katikati, anakwambia huyu ndiye starring, yule adui, yule mama usimwamini. Unaangalia roho imetulia. Hii ya kwetu ilikuja kavu, Kiingereza kitupu, na maandishi ya chini yanapita kama daladala lililojaa. Basi mkalimani wangu akawa binti. Mtu kwenye tivii anaongea, anatoa machozi, anapiga ukuta ngumi, anakaa chini, anaongea tena. Nauliza, "Kasema nini?"

"Amekataa."

Amekataa! Maneno yote yale! Mara mwingine kasema kineno kimoja tu, sebule nzima imeshika vifua, mama mkwe anajipangusa macho kwa khanga. Nauliza. "Baba, subiri." Nikasubiri. Tamthilia imeisha, bado nasubiri.

Maana ndiyo imeisha hivyo. Ilianza Machi 2018 kwenye televisheni ya ABC, mtoto wa ile tamthilia ya madaktari, Grey's Anatomy. Desemba 2023 wakatangaza kwamba sizoni ya saba ndiyo ya mwisho. Ikaanza Machi 14, 2024, ikafungwa Mei 30. Epsodi 10. Sizoni ya sita ilikuwa na 18! Nikamwendea dogo anayetujazia muvi kwenye flashi, nikamwambia kijana wangu, mzigo umepungua, na bei ipungue. Akanitazama. Akauliza mbele za watu, kwa sauti, "Mzee, hii si ile ya akina mama?" Nililipa bei nzima ili niondoke pale. Hata chenji sikudai.

Naambiwa ufupi wenyewe ulitokana na mgomo. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waligoma siku 148. Waigizaji nao wakagoma siku 118. Na wakapata mikataba mipya. Wenzetu wanajua kugoma. Mimi nikigoma kula nyumbani kwangu, sahani yangu inahamishiwa kwa shemeji kabla sijamaliza kutaja madai.

Sasa sizoni hii Andy ndiye kapteni wa kituo, kiti alichowahi kukikalia baba yake, mzee Pruitt. Anaamuru wanaume wazima na wanaitika. Mama watoto akaona. Kesho yake narudi kazini nakuta vyeo vimeshagawanywa. Yeye kapteni. Binti luteni. Dada wa kazi ni huduma ya kwanza. Mtoto wa mwisho, ambaye bado anavaa viatu kushoto kulia, yeye ndiye dereva. Nikauliza na mimi je? Kuruta. Nikauliza kuruta kazi yake nini? Kuosha gari. Gari hatuna. Basi naosha vyombo.

Lakini aliyenimaliza ni Ben Warren. Huyu bwana sitaki hata kumsikia. Alikuwa daktari wa nusukaputi, kazi ya maana, mshahara mnono. Akaacha, akaenda kujifunza upasuaji. Akaacha na upasuaji, akaenda faya, mtu mzima, kuanza upya na vijana. Sizoni hii ya mwisho anasema umri umekwenda, anarudi kwenye upasuaji. Mkewe, Miranda Bailey, naye daktari wa upasuaji tena mkali, ananuna mara ya kwanza, ananuna mara ya pili, na ndoa inasonga. Mama watoto anamtazama Ben, anasema, "Mwanaume anayejitafuta huyo." Jamani! Mimi niliacha chipsi nikafungua biashara ya vocha, kikaitishwa kikao cha ukoo! Mjomba alikuja na basi kutoka Singida kunisema! Nauli nikamrudishia mimi!

Nikaona dawa ni kushinda kitu kimoja, kimoja tu, humu ndani. Nikaweka dau na shemeji, kreti ya soda, kwamba mwisho kapteni anakufa. Sikubahatisha, nilipiga hesabu. Hawa watu wanakufa sana. Mkuu wao Ripley aliondoka na kemikali. Dean Miller mlipuko wa gesi. Mzee Pruitt alipanda juu ya paa la jengo linalowaka, kapteni mstaafu na saratani yake, akatoboa tundu, paa likaondoka naye. Mie siku hiyo niliuliza kwa nini wasimwage maji tu, nikatolewa sebuleni. Kumbe moshi na joto vikikosa pa kutokea vinajaa chini ya paa, halafu chumba kizima kinalipuka kwa mpigo. Tundu la juu linavitoa, waliomo ndani wanapona. Haya nilielezewa nikiwa koridoni.

Epsodi ya mwisho ni moto wa msituni unaelekea mjini. Moto una kimbunga, nakwambia! Hewa ya moto inapanda kwa kasi, upepo unaizungusha, mwali unasimama wima na kutembea. Nikainuka kwenye kochi. Nikapaza sauti, "Kapteni kwisha habari yake!" Watu wote wakanigeukia. Mama watoto akasema taratibu, "Umemtaja kapteni yupi?"

Hakufa. Na wa kituo chake hakufa hata mmoja. Mwenzao Vic anahamia Washington D.C., Travis rafiki yake anamfuata. Jack, aliyeumia kichwa, faya haiwezi tena, anakwenda kupokea simu za dharura za 911. Soda nikanunua. Wakanywa wote. Mimi nikaachiwa ile chungu ambayo watoto hawaitaki.

Hapo kwenye simu ndipo mama mkwe akauliza, na hapa kwetu nyumba ikiungua mtu anapiga namba gani? Nikajikohoza, mkuu wa kaya. "Tisa moja moja." Dada wa kazi, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele, akasema, "Moja moja nne." Kweli, ni 114. Mama mkwe akanitazama, akamtazama binti yake, akashusha pumzi. Nikaona kabisa anapiga upya hesabu za mahari.

Nikajipa moyo, tamthilia si imeisha, rimoti itarudi. Wee! Ben Warren amerudi kwenye upasuaji wapi? Hospitali ileile ya Grey's Anatomy. Kwa hiyo lazima afuatwe huko. Na ile ilianza mwaka 2005, imevuka sizoni 20 na epsodi 400, haijafungwa. Kapteni ameamua tusirukie katikati, tuanze na ya kwanza kabisa. Binti kakubali kuendelea kutafsiri. Yule dogo wa flashi akaniuliza nina flashi ngapi.

Wewe mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, kama unanisikia, niwekee nafasi ya kudumu. Kiti nitakuja nacho.