Namna ya Kufaulu Fizikia Voi Bila Kuchungulia Dirishani

Umepata nafasi ya chuo Voi, nusu ya karo imelipwa, na kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza kuna somo la mekanika na joto. Usihofu. Somo hili ni rahisi kwa anayeshika masharti, na sharti kuu ni kwamba fizikia ibaki ndani ya daftari. Huko nje kuna jua, vumbi na malori ya Mombasa, na hayo hayaulizwi kwenye mtihani.

Kila kitabu huanza na kitu kinachoteleza kwenye mteremko usio na msuguano. Usiulize mteremko huo uko wapi. Kati ya Wundanyi na Voi haupo. Ukishuka na matatu Ijumaa jioni, ziba masikio kwa muziki na pua kwa leso. Harufu ya breki ikianza kupanda, mtu mwenye tabia mbaya hupiga hesabu: gari na abiria wake tani 3.5, tofauti ya kimo kama mita 800, zidisha na mvutano wa dunia, unapata jouli milioni 27 ambazo lazima ziende mahali. Zinageuka joto kwenye breki, injini, matairi na hewa. Zingetosha kuchemsha mitungi minne ya lita 20, na ya chai ikabaki. Ndiyo maana dereva mzee hushusha gia ili injini ibebe mzigo, huku kijana akikanyaga breki njia nzima. Lakini mzee hajawahi kufanya mtihani wa mekanika, kwa hivyo maarifa yake hayana alama.

Twende maabara. Utapewa uzi, gololi ya chuma na saa ya kupimia, uambiwe utafute nguvu ya mvutano kwa pendulamu. Jibu unalo tangu shule ya upili: 9.81. Basi anza na jibu, kisha rudi nyuma ukitafuta vipimo vya kulifikia. Hapa ndipo komredi anapopika matokeo, na mpishi hodari haweki chumvi sawasawa kila mahali: nukta moja ya grafu iruke juu kidogo, nyingine ishuke, maana mhadhiri naye aliwahi kusimama jikoni humo.

Kuna kikwazo kidogo. Dunia imevimba kiunoni, tena inazunguka, kwa hivyo mvutano karibu na ikweta ni hafifu kuliko Ulaya. London ni 9.81, Voi ni 9.78. Wewe uliyepika umeipima London ukiwa umeketi Voi, na mwenzako aliyeandika 9.78 ndiye atakayeulizwa amekosea wapi. Pokea alama zako, unyamaze. (Tusimwonee huruma kupita kiasi. Tofauti ni asilimia 0.3 tu, na kidole kwenye saa hakiwezi kuinasa. Pengine naye alipika, ila kwa kitabu kingine.)

Sura ya joto ni fupi: maji huchemka kwa digrii 100. Andika hivyo. Ukialikwa kula kimanga kwa rafiki milimani, usiulize kwa nini maharagwe yako motoni tangu asubuhi. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka karibu digrii moja. Voi ni 98, Wundanyi 95, na ukibeba sufuria hadi kilele cha Vuria, zaidi ya mita 2,200, ni 93 hivi. Kuchochea kuni kunaongeza mvuke, hakuongezi joto la maji. Mwenye nyumba analijua hilo bila kipimajoto, ndiyo maana huloweka maharagwe usiku kucha.

Juu ya yote, usiulize maswali. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friza yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na darasa likaangua kicheko. Osborne, badala ya kucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana kama jambo lenyewe lipo. Angalia usumbufu wote huo, kisa mtoto mmoja alikosa subira ya kungoja maziwa yapoe.

Mwisho, jiandae kwa swali la maji yanayoteremka bombani. Mfano uko karibu: bomba la Mzima, linalopeleka maji Mombasa kwa mteremko tangu miaka ya 1950. Chora chanzo juu, bahari chini, weka mishale, andika kwamba kimo ndicho kinachosukuma. Kwa nini maji yenye nguvu ya kufika Mombasa yanawapita watu wengi wa kaunti hii wakiwa na mitungi mitupu, hilo halimo kwenye mekanika. Lipeleke idara ya siasa, ghorofa ya pili.