Mazoezi Yalivyoninenepesha

Ukimwona mtu wa Dar es Salaam kanenepa ghafla, usikimbilie kumwita mvivu. Huenda kajiunga na jogingi. Mimi nilijiunga nikiwa na kilo 89, na kwa bidii, nidhamu na kuamka alfajiri wakati wenzangu wamelala, nikafanikiwa kufikisha 92.

Kwa asiyezijua, klabu za jogingi ni watu wa mtaa mmoja waliovaa fulana za rangi moja, wenye filimbi, kiongozi wa nyimbo na katiba. Jumamosi alfajiri tunatoka Temeke, tunazunguka upande wa Uwanja wa Mkapa na kurudi, kama kilometa 6 hivi, tukiimba na kupiga makofi katikati ya barabara huku daladala zikitambaa nyuma yetu na makondakta wakitutajia wazazi wetu. Kasi yetu haitishi. Siku moja mama mwenye beseni la vitumbua kichwani alitupita kwa mwendo wake wa kawaida, akageuka, akasema, "Poleni na kazi, wanangu," akaendelea na safari. Wawili kati yetu wakachomoka kumfuata. Tulidhani wamepandwa na mori. Kumbe wanataka vya mia tano.

Lakini mbio ni utangulizi tu. Shughuli yenyewe ni supu. Tukifika kijiweni sufuria liko motoni tangu usiku, na mpishi hana salamu nyingi: "Makongoro, utumbo au mchanganyiko?" Bakuli linakuja na mafuta yametanda juu duara duara. Unakamua ndimu, unatupia pilipili, unachana chapati, nayo inaachia tabaka moja moja, laini, inang'aa mpaka vidole vinateleza kwenye simu. Hakuna anayeagiza chapati moja. Ukiagiza moja unaulizwa kama umefiwa. Halafu soda baridi, kurudisha maji yaliyopotea. Atakayethubutu kuhoji anajibiwa kwa maneno ambayo klabuni hayakatiwi rufaa: "Tumekimbia, bwana."

Aliyeniharibia raha ni mpwa wangu anayesomea mambo ya lishe. Alichukua karatasi akachora mstari katikati. "Mjomba, mtu akikimbia anaunguza takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilometa. Wewe kilo 92, kilometa 6: ni kama 550." Nikatabasamu, niliona ni nyingi. Akahamia upande wa pili. Chapati mbili za mafuta, kama 600. Soda ya mililita 350, kama 150. Na hapo supu haijaguswa, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama 120, na mimi najua kinachoelea kwenye lile bakuli. "Sasa, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kuitoa kwa mbio hizo pekee unahitaji Jumamosi 14, bila supu."

Nikamwuliza Jumamosi 14 zenye supu zinafanya nini. Akasema hizo ndizo nilizovaa tumboni. Mwili ni kama Mangi wa duka la kona: salamu anaweza kuisahau, deni hasahau.

Na supu ilikuwa deni la Jumamosi asubuhi tu. Ile "tumekimbia, bwana" nilitembea nayo wiki nzima. Jumamosi jioni ilinipitisha kwenye chipsi mayai. Jumapili ilinikalisha mbele ya sinia la pilau. Jumatatu ilinipandisha lifti hadi ghorofa ya pili, kwa kuwa miguu imeshafanya kazi yake, na jioni ikanipakia bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, umbali ambao kijana wa bodaboda mwenyewe aliona vibaya kunidai nauli.

Nilijitetea kwamba basi dawa ni kuongeza mbio. Mpwa akanitolea mfano wa Wahadzabe, watu wa kuwinda porini. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Herman Pontzer walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wao walikuwa wakitembea kilometa 11 hivi kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu walizotumia kutwa hazikuzidi za watu wazima wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kuhangaika sana hubana matumizi kwingine. Sasa kama Mhadzabe anayefukuza mnyama porini hajaushinda mwili kwa miguu, mimi nitaushinda kwa kuzunguka uwanja nikipiga makofi?

Hakusema niache. Moyo, presha, sukari na usingizi vinataka mazoezi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Alisema tu miguu ifanye kazi ya miguu, kilo zikatafutwe kwenye sahani.

Kwenye sahani hakukuwa na miujiza: chapati moja, maji badala ya soda, mchicha upande cheo na ubwabwa ushushwe. Tatizo likawa binadamu. Kwetu mtu akinenepa anapongezwa: umenawiri, mji umekukubali. Akipungua anaitiwa kikao. Nilipofika kilo 86, jirani alimwuliza mke wangu, kwa sauti ya msibani, kama tumeshakwenda hospitali. Mke wangu akaja juu: "Baba watoto, watu wanasema sikulishi!" Usiku ule nilikula kwa ajili ya heshima ya ndoa.

Habari zikafika Tanga. Shangazi akapanda basi, akanikalisha kitako, akanishika mkono. "Nambie mimi, mwanangu, usinifiche. Umelogwa au umeachishwa kazi?" Nikamwambia nimepunguza kula kwa hiari yangu. Akamtazama mke wangu kwa muda mrefu, kisha akafungua kikapu chake cha nazi, samaki na mikate ya kumimina, akaingia jikoni. Alipoondoka alikuwa ameridhika, na mimi nina kilo 88.

Klabuni nako walianza kuninong'ona. Mwanachama anayekimbia vizuri halafu akaagiza chapati moja na chai ya rangi isiyo na sukari anatia shaka, huenda ametumwa. Suala langu likapelekwa mkutano mkuu. Nilitegemea kufukuzwa, wakanichagua mweka hazina, kwa hoja kwamba mfuko wa supu haujawahi kushikwa na mtu asiyeutamani. Nikafungua daftari. Mwaka mzima klabu ilikuwa imenunua fulana na filimbi moja; fedha zote zilizobaki, makongoro. Katika kikao changu cha kwanza nikapendekeza tupunguze bajeti ya supu na tuongeze kilometa. Watu wakanyamaza. Mwenyekiti, mtu mwenye kitambi cha kuheshimika, akasimama akasema hana pingamizi na kilometa, wajumbe wakiridhia zinaongezwa hata Jumamosi hii, ila kwa haki ya wanachama, zikiongezwa, chapati nazo itabidi ziwe tatu.

Hoja ikapita. Niliyeipinga ni mimi peke yangu, na nikaagizwa nikatafute fedha.