Namna ya Kuishi Bila Polisi Umatengoni

Kwanza pata mlima. Unatakiwa mgongo mmoja uliobanwa na vijito pande zote, ule Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, wanaouita ntambo, na ukoo mmoja uliojazana juu yake. Mwizi wako awe mtoto wa kaka yako. Ukiibiwa na mtu usiyemjua, mwongozo huu haukuhusu. Nenda kituoni, na usisahau nauli.

Pili, tafuta babu. Kwake ndiko itakakokuwa sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja na kuamua mashauri, kila nyumba inaleta chakula chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao Wajapani walifika huko Mbinga miaka ya 1990 na kuiandika sana sengu, lakini kwa matumizi ya nyumbani inatosha sinia moja. Ugali katikati, maharage ya ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, pembeni. Kijana aliyeiba ndizi za jirani leo ananawa taratibu mno. Hakuna anayemtaja. Babu anauliza tu kama mwaka huu ndizi zinazaa vizuri, na mjomba mmoja anapaliwa. Mtuhumiwa akiona hayawezi, aondoke. Kesho njaa itamrudisha kwenye sinia lile lile.

Usijenge jela. Jela inataka mlinzi, mlinzi anataka mshahara, mshahara unataka kodi, na hapo umeshajipatia serikali bila kukusudia. Toza nguruwe na debe la pombe. Nguruwe aliwe na wote, mkosaji akiwemo, maana ukimnyima hiyo nyama utakuwa umeanzisha kesi nyingine.

Mke anayepigwa asitegemee makubwa. Mashimo ya ngoro kachimba yeye, ugali wa sengu kapika yeye, ila hakimu ni baba mkwe. Kwake dawa ya kuaminika ni kufunga mzigo na kurudi kwao.

Kwa tuhuma za uchawi, nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa zilikuwa na mwavi. Mtuhumiwa anakunywa sumu: akitapika, hana hatia, asipotapika, hana rufaa. Wanaosifu enzi za kuishi bila dola huwa wanakiruka kipengele hiki, labda kwa kukosa nafasi kwenye karatasi.

Sengu nayo ina kasoro moja ya kiwandani: haimfanyi chochote mtu asiyekula kwenu. Wangoni walipowavamia Wamatengo karne ya 19 hawakuja kukaa kwenye sinia, walikuja kulibeba. Watu wakakimbilia juu milimani, wakajikusanya, na wakajikuta wana machifu wakubwa, ndio kina Makita. Mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu nchini, na mwaka 1985 ikatunga sheria ya mabaraza ya kata. Barazani unakutana na karani na muhuri. Ugali, hapana.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa ndiko kugumu. Ukikaa Liuli au Mbamba Bay huna mgongo wa mlima wa kumzuia mtu, na aliyebeba nyavu zako usiku anaweza kuamkia Nkhata Bay, Malawi, akauza dagaa kwa raha zake. Huko hakuna babu yako wala mjumbe wako. Ushauri ni mmoja: ozesha binti ng'ambo, mwizi awe mkwe. Sherehe itakugharimu, lakini hata nyavu siku hizi bei yake si mchezo.