Tunaomba Tukatwe Kodi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Kinshasa

Mheshimiwa,

Pokeeni salamu za Nyalukemba, hapa Bukavu, kutoka kwa wazee waliovaa magwanda tangu enzi za Mobutu. Wamenituma ombi moja tu: wanataka kukatwa kodi.

Msishtuke. Kule Marekani majimbo mengi hayatozi tena kodi ya mapato kwenye pensheni ya mwanajeshi. Kenya nayo, mwishoni mwa 2024, ilipitisha sheria ya kuondoa kodi kwenye pensheni za waliofikia umri wa kustaafu. Hongera zao, lakini bado wanajifunza. Wao wamesamehe kodi wakaiacha pensheni. Sisi tumesamehe vyote viwili.

Ndiyo maana wazee wanaililia kodi. Mtu hakatwi kabla hajapewa. Siku watakapoona karatasi ya makato, watajua kuna kilichobaki.

Mmoja wao ana mfuko wa plastiki anaoulalia kama mto. Ndani mna kadi yenye namba yake ya jeshi, picha ndogo za miaka mbalimbali, na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye angali hai. Karatasi ina muhuri, na muhuri aliulipia. Nikamwuliza: Papa, si ungekwenda tu wakuone? Akacheka. "Mwili hauna muhuri, mwanangu."

Wenzake wengine wamegoma kustaafu. Mvi kichwani, bunduki begani, kwa kuwa mshahara mdogo unaokuja unashinda pensheni inayongojwa. Sheria ya 15 Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi wameisikia, na wanasema Kifaransa chake ni kizuri sana.

Kwa heshima, hata hivyo, hatujambo. Kambi ya Saïo mjini petu ina jina la mahali kule Ethiopia ambako askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliwashinda Waitalia mwaka 1941. Jina halina gharama, wala halihitaji bajeti.

Kisha Februari 2025 waasi wa AFC/M23 wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango. Kinachofika, kikifika, hupitia kwenye simu, na wakala wa kibandani hukata chake kabla hajakuhesabia franka zako. Bunge halikumtuma, na msamaha wake hakuna aliyewahi kuuona. Mheshimiwa, huyo kijana wa kibandani amewezaje kuwakata wazee hawa na Wizara nzima ikashindwa?

Basi wekeni asilimia mnayotaka, iwe kumi, iwe nusu, hatutabishana. Wajane nao wamo. Wako tayari kukatwa hata kwenye malimbikizo ya marehemu waume zao. Ila fomu zikichapishwa, acheni nafasi pana pale chini, maana wengi watatia kidole gumba.

Jirani yao,
Nyalukemba