Sifa za Pasi Ndefu

Nianze na mpira. Kuna timu zinazojenga mchezo kutoka nyuma: kipa anampa beki, beki anampa kiungo, kiungo anageuka, anatazama, ndipo anamtafuta mshambuliaji. Ni mchezo mzuri kutazama, ila unataka wachezaji wengi, na kila mchezaji ana mshahara wake. Kuna na timu ambazo kipa akishaudaka mpira hana habari na mtu. Anaubutua, unapita juu ya vichwa vya wote, unatua mguuni kwa mshambuliaji. Vyuoni Tanzania, mtu anayeruka chai ya asubuhi, akauruka na wali wa mchana, akatua moja kwa moja kwenye ugali wa usiku, tunasema amepiga pasi ndefu.

Mimi niliipiga karibu muhula mzima wa mwisho wa mwaka wa tatu. Leo naitetea, maana kila ninayemsikia anaitaja kwa sauti ya msibani. Pasi ndefu si msiba, ni taaluma, na haina sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kwanza niondoe lawama. Wengi husema waliipiga kwa sababu bumu lilichelewa. Bumu, kwa ambaye hakupita huko, ni fedha ya chakula na malazi inayotoka kwenye mkopo wa mwanafunzi. Enzi zetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Siku hizi ni 10,000 na wadogo zetu bado wananuna. Ya siku 60 ilikuja kwa mkupuo, 510,000. Langu halikuchelewa hata siku moja. Mimi ndiye niliyewahi. Lilipoingia nilinunua viatu, nikabadilisha simu, nikawapeleka wenzangu wawili kula chipsi kuku, nikamtumia mdogo wangu hela ya madaftari pamoja na ya kutolea, ili nyumbani wajue kuwa mtoto wao ana roho. Siku ya 19 nilikwenda kwenye mashine. Ikanitemea karatasi ya salio, nikaisoma mara mbili kama mtu anayesoma matokeo.

Siku 41 zilizobaki ndizo zilizoanza kunisomesha.

Somo la kwanza lilikuwa uandishi. Mwaka wa tatu ni mwaka wa utafiti, na utafiti hauishi kichwani, unaishi steshenari. Kuprinti ukurasa mmoja kulikuwa shilingi 100, na sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ilikuwa 1,500. Sura yangu ya pili ilikuwa na kurasa 15, yaani sahani moja kamili, bila kachumbari. Msimamizi alipoirudisha ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Panua hoja hii," sikuona hoja, niliona maharage yanamwagika. Wenzangu waliokuwa wakipiga pasi fupifupi, chai saa nne, chapati saa saba, soda saa kumi, waliandika "kwa kuzingatia muktadha wa hali halisi iliyopo kwa sasa." Mimi niliandika "sasa." Msimamizi alinisifu kwa lugha ya mkato. Nikanyamaza nikapokea sifa ambayo haki yake ni ya njaa.

Ibada nayo ilinawiri. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Pemba, alikuwa akifunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi tangu mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa nikimtania. Muhula ule nilimpita kwa mbali. Kwaresima yangu ilivuka Pasaka, ikapita Pentekoste, ikaenda kuishia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Siku moja aliniambia kwa upole, "Kaka, wewe unafunga vizuri sana, tatizo lako huna nia." Alisema kweli. Yeye alikuwa na nia na futari. Mimi vyote viwili sikuwa navyo.

Halafu kuna elimu ya mwili, ambayo sikuisajili kama kozi lakini niliifaulu. Nilikuwa nadhani tumbo likinguruma linalia. Kumbe tumbo tupu hujikunja kwa zamu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, likisukuma mabaki yaende zake. Linafagia. Langu lilipenda kufagia maktaba ikiwa kimya kabisa, na dada wa meza ya jirani akiinua macho nilijifanya nasogeza kiti. Kumbe pia ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kupe mkubwa. Nikila andazi moja saa mbili usiku, yeye alikata fungu lake kabla miguu haijaambiwa kitu. Ndiyo maana nilikuwa na mawazo mengi mazuri kitandani, na sikuwa na nguvu za kushuka kwenda kuyaandika.

Lakini mahali pasi ndefu iliponifanya bingwa ni kwenye neno karibu. Mswahili hali mbele ya mtu bila kumkaribisha, na mtu mwenye adabu hujibu, "Asante, nimeshiba." Hapo pana fasihi nzima, na aliyeshiba hawezi kuisoma. Kuna karibu ya kijiko kikiwa tayari mdomoni: hiyo ni salamu, ijibu uende zako. Kuna karibu ya macho yanayotazama sahani: hiyo inaomba usikubali. Kuna karibu ya mtu aliyesogea kidogo kwenye benchi, na hiyo ni halali, kaa. Na ipo ya nne, adimu, ambayo mtu hasemi karibu, anasema, "Nenda kanawe." Katika muhula wote niliipata mara tatu, na waliosema nawakumbuka kwa sura, kwa kabila na kwa mboga.

Nilijua pia saa za korido. Chumba cha mwisho kulia walikuwa na jiko la umeme lililokatazwa, na dagaa wao waliungwa saa moja na nusu. Ukibisha hodi saa moja na robo wewe ni mgeni. Ukibisha saa mbili kasorobo wewe ni mdoezi. Nusu saa tu hubadilisha hadhi ya mtu, na mimi, ambaye mihadhara ya saa moja asubuhi nilifika saa mbili, hapo sikuwahi kukosea hata dakika.

Sifa nyingine husemwa kwa sauti ya chini: pasi ndefu ni mlinzi wa amani. Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakafukuzwa. Kila nikiisoma habari hiyo najiuliza walikuwa wamekunywa chai ya nini. Kuandamana mpaka Ikulu kunataka chai nzito. Sisi tulipoitana kudai maji ya bafuni tulifika wanane, na watano kati yetu walikuwa wamesikia kutakuwa na soda.

Mwalimu huyohuyo aliwahi kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huu ulikuwa ukinijia usiku, mvua ya masika ikipiga dirisha. Mimi nilipewa chakula cha kijiji nikanunulia viatu. Nilijitetea kuwa viatu navyo ni vya safari, lakini utetezi huo ulikuwa unapendeza zaidi nikiwa nimekula.

Sitaki msomaji adhani nasifia njaa. Njaa ni ya mtu ambaye usiku nao hauna ugali, na chuoni walikuwapo. Tuliwajua kwa kuwa hawakuwa na hadithi za kuchekesha kama hizi. Mmoja alikuwa akinywa maji ya bomba mchana, anaingia darasani anakaa mbele, na hakuwahi kununua viatu. Kwake sina sifa za kumwimbia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Julai, machungwa ya Muheza yamejaa barabarani, manne kwa shilingi 500. Nilitoka ukumbini nikanunua manne, nikayamaliza nimesimama. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeshaachia. Sasa nafanya kazi, na kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi inakatwa kurejesha mkopo, kwa hiyo viatu vile bado navilipia.

Kwenye daftari la mama ntilie nilibaki nadaiwa shilingi 14,500. Nilikwenda kuzilipa Novemba, siku ya mahafali, nikiwa na joho la kukodi mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akahesabu noti, akalifuta jina langu kwa kalamu nyekundu, mistari miwili, kisha akaniuliza kama leo nakula nyama au ni yaleyale maharage. Nikamwambia yaleyale.