Namna ya Kuwa Mshawishi wa Teknolojia na Usalama Ukitokea Kasoli

Kwanza jipatie cheo kirefu. Ukisema wewe ni mkulima wa pamba, Kasoli nzima, kule Bariadi mkoani Simiyu, inajua unadaiwa hela ya dawa. Ukisema ni mshauri elekezi wa sera za teknolojia zinazoibukia na usalama wa taifa, kijiwe kizima cha bodaboda kinanyamaza. Aliyekuwa anaisema serikali anakumbuka ghafla kuwa ana ng'ombe wa kunywesha. Wamekudhania mtu wa usalama, lakini usiwasahihishe.

Vyeti visikutishe. Wasukuma wamo kwenye fani hii tangu kabla hujazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu: upinde, mishale, filimbi na yowe la usiku. Sheria ya kuwatambua ilikuja 1989. Shika sana mpangilio huo. Kwanza kifaa, sheria baadaye, na hapo katikati kuna miaka kadhaa ambayo mwenye suti na kadi ya biashara anakula vizuri.

Wala usidhani mambo hayo yaliishia kwenye filimbi. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa. Hoja ilikuwa usalama, na nani atabishana na usalama? Mama aliyepalilia pamba tangu usichana wake anaweka kidole kwenye kimashine, kinakataa. "Futa jasho, mama, weka tena." Kinakataa. Jembe limeshakula alama zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, miaka minne kamili tangu vidole vianze kukusanywa. Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mshawishi aliyekomaa haulizi kwa nini ghala lilijazwa kabla ya kutiwa kitasa. Yeye anauza vitasa.

Kuuza nako kuna adabu zake. Usiseme droni itasaidia kufukuza tembo mashambani kule Itilima. Hilo ni jambo la manufaa, na manufaa yana bajeti ndogo. Sema italinda mipaka ya nchi. Mkoa wa Simiyu haupakani na nchi yoyote, lakini sijawahi kusikia semina iliyovunjika kwa sababu ya ramani.

Mengine ni mazoea tu. Anza na "itifaki imezingatiwa". Mteja wako mwite mdau, faida yake iite maslahi mapana ya taifa. Ukiulizwa akili mnemba itamfaa nini mkulima wa Bariadi, jibu kwamba mchakato unaendelea, kisha sogea taratibu kwenye meza ya posho. Jihadhari na kumpigia mbunge makofi mengi mno, utaitwa chawa, na chawa hana ankara ya kupeleka kwa mteja.

Siri moja ilinde kuliko zote. Muswada ukishasomwa bungeni mara ya kwanza, kamati hualika maoni ya wadau, na mtu wa Kasoli naye ni mdau. Anaweza kumwandikia Katibu wa Bunge, Dodoma, bila kukulipa wewe hata shilingi.